Kifundo Kisichojua Kiswahili: Ni Nani Atakayekiandikia Programu?

Utangulizi

Kwa muda mrefu wataalamu na wapenzi wa Kiswahili wamejadili suala la istilahi za teknolojia. Makongamano yamefanyika, makala yameandikwa, na mabishano ya kama kompyuta iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi yamewachosha wengi kabla ya kufikia tamati. Hata hivyo, mjadala huo umeegemea zaidi upande mmoja, nao ni upande wa jina la kifaa. Upande wa pili, yaani maneno ambayo kifaa chenyewe humwambia mtumiaji, haujapewa uzito unaostahili.

Makala haya yanakiangazia kifaa kimoja kidogo sana: kifundo cha kuzungusha kinachochomekwa kwenye kompyuta kupitia mlango wa USB. Eneo linaloshughulikiwa ni Meru na Embu. Hili ni eneo ambalo vyuo vikuu vimechipuka kwa kasi: Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya kilipata hati yake mwaka 2006, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru na kile cha Chuka vikafuata mwaka 2013, na Chuo Kikuu cha Embu mwaka 2016. Ni eneo hilohilo ambalo, kusini mwa Meru pale Igoji, zimo shule za Mtakatifu Lucy za wanafunzi wenye ulemavu wa macho. Vyuo hivyo na shule hizo zimo upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba programu ya kifundo cha namna hii iandikwe papa hapa nyumbani, na kwamba wanafunzi wa Kiswahili wawe miongoni mwa waandishi wake tangu siku ya kwanza, wala wasisubiri kuitwa mwishoni kama wafasiri.

Kifundo na Kazi Yake

Kwanza ni vyema kueleza neno lenyewe. Kitufe hubonyezwa, kifundo huzungushwa. Waswahili husema kifundo cha mguu na kifundo cha mkono, yaani pale panapokutana viungo na panapozunguka. Kwa sababu hiyo neno hili linafaa kwa kifaa cha duara kinachoshikwa kwa vidole na kugeuzwa kulia au kushoto. Atakayependelea neno jingine hajakosea, kwani jina si kiini cha mjadala huu.

Kifundo si kitu kigeni Meru wala Embu. Redio za betri za zamani zilikuwa na vifundo viwili, kimoja cha kupandisha na kushusha sauti, kingine cha kutafutia stesheni. Wazee waliozoea kuisikiliza Sauti ya Kenya, kabla ya jina hilo kuachwa mwaka 1989 na shirika kuitwa KBC, waliweza kuitafuta idhaa gizani, bila taa wala miwani. Vidole vyao vilijua ni kiasi gani cha kuzungusha. Ujuzi huo wa vidole ni muhimu sana katika hoja inayofuata.

Tofauti kati ya kifundo cha redio ya zamani na kifundo cha USB ni kubwa. Cha redio kiliungwa moja kwa moja na kile kinachobadilishwa, hivi kwamba kukigeuza kulikuwa ndiko kupandisha sauti. Cha USB hakijui lolote. Ndani yake mna kisahani chenye miguso miwili ya umeme. Kifundo kinapozunguka, miguso hiyo hufunga na kufungua umeme kwa kupokezana, na ule unaotangulia ndio unaoonyesha kama mkono umegeukia kulia au kushoto. Vifundo vingi vya bei nafuu huhesabu hatua 20 katika mzunguko mmoja, na kila hatua huhisiwa kidoleni. Taarifa zinazopelekwa kwa kompyuta ni chache mno: hatua moja kulia, hatua moja kushoto, kimebonyezwa, kimeachiliwa. Basi.

Kanuni za USB, ambazo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1996, zina fungu maalumu la vifaa vinavyoguswa na mikono, kama vile kibodi na kipanya. Kifundo kikiundwa kwa kufuata fungu hilo, kompyuta hukitambua mara tu kinapochomekwa. Lakini kutambua si kuelewa. Je, hatua moja kulia ina maana ya kupandisha sauti? Kusonga mstari unaofuata? Kuruka hadi aya nyingine? Jibu halimo ndani ya kifundo. Jibu limo katika programu, na anayeiandika ndiye anayekipa kifundo maana.

Funzo la Kifundo Kimoja

Mwaka 2001 kampuni ya Griffin Technology ya Marekani ilianza kuuza kifundo cha USB kilichoitwa PowerMate. Kilikuwa cha alumini, chenye mwanga wa samawati chini yake, na kilipendwa na watu waliofanya kazi za sauti na filamu. Kampuni ilikitolea programu yake. Hata hivyo, watumiaji wa mfumo endeshi wa Linux hawakuingoja. Mwaka 2002 William R. Sowerbutts aliwaandikia kiendeshi, yaani programu inayokiwezesha kifundo kuzungumza na kompyuta, akauacha msimbo wake wazi ili yeyote ausome na kuurekebisha. Kiendeshi hicho kiliingizwa katika kiini cha Linux chenyewe.

Miaka ilipita. Mwaka 2016 kampuni ya Griffin ilinunuliwa na kampuni nyingine, na baadaye PowerMate ikaacha kutengenezwa. Alumini haikuoza na kisahani hakikuvunjika. Lakini mifumo endeshi hubadilika kila baada ya miaka michache, na programu isiyo na mtunzaji hubaki nyuma. Aliyetegemea programu iliyofungwa alibaki na chuma kizuri mezani kisichokuwa na la kufanya. Aliyekuwa na msimbo wazi aliweza kuurekebisha au kumwomba mwenzake aurekebishe.

Wahenga walisema kuwa mtumai cha nduguye hufa maskini. Methali hii huelezwa wanafunzi kila mwaka katika madarasa ya fasihi simulizi, nao huijibu vizuri katika mtihani. Ni nadra kuwasikia wakiitumia kupima vifaa vinavyoingia katika shule na vyuo vyao. Kifaa ambacho maana yake imeandikwa mbali, kwa lugha ya mbali, na kufungwa kwa kufuli la mbali, ni cha nduguye hata kama risiti ya ununuzi ina jina la shule ya Meru.

Mahali Ambapo Sauti Ndiyo Skrini

Kwa mtu anayeona, kifundo ni kirahisishi tu. Asipokuwa nacho atatumia kipanya. Hali ni tofauti kwa mwanafunzi asiyeona. Chukua mfano wa mwanafunzi wa kidato cha nne anayeandika insha ya Kiswahili kwenye kompyuta na kutaka kuipitia kabla ya kuikabidhi kwa mwalimu. Anahitaji kuisikiliza sentensi kwa sentensi, kurudi nyuma palipo na kosa, kusikia neno moja peke yake, kisha herufi moja moja, na kusonga mbele tena. Kifundo chaweza kuifanya kazi hiyo vizuri: kugeuza kulia ni sentensi inayofuata, kugeuza kushoto ni iliyotangulia, kubonyeza ni kurudia, na kubonyeza huku ukizungusha ni kubadilisha kipimo kutoka aya hadi sentensi, hadi neno, hadi herufi.

Nyenzo za kuandikia programu kama hiyo zipo, tena bila malipo. Programu ya kusoma skrini iitwayo NVDA ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. Ni programu huria, na yeyote ajuaye lugha ya Python anaweza kuiongezea uwezo. Programu ya kutamka maandishi iitwayo eSpeak NG ni ndogo kiasi cha kutosheka na kompyuta kuukuu, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha inazozitamka. Vibao vidogo vya elektroniki vya aina ya Arduino, vilivyobuniwa Italia mwaka 2005, humwezesha mwanafunzi kuunda kifundo chake mwenyewe. Haya yote yamo ndani ya uwezo wa mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta wa mwaka wa pili.

Ni haki kukiri mipaka ya kifaa hiki. Mwanafunzi aliyezimudu amri za kibodi huenda kwa kasi kuliko kifundo. Breli haina mbadala kwa anayetaka kujua tahajia kwa vidole. Simu nazo zimejifunza kusema. Lakini simu ni kioo laini, na kioo hakina hatua za kuhesabiwa kwa kidole. Amri za kibodi nyingi hudai vidole viwili au vitatu kwa pamoja, jambo gumu kwa mtu mzima aliyepoteza uwezo wa kuona ukubwani au kwa mwenye mkono dhaifu. Kifundo hakija kuondoa nyenzo nyingine. Kinaongeza njia moja, nyepesi kujifunza, kwa wale ambao njia zilizopo zimewawia nzito.

Kazi ya Mwanaisimu

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoingia. Kifundo kinachosemeshwa hakina skrini, kwa hiyo neno ndilo skrini. Mtumiaji akizungusha nusu duara amepita hatua 10 kwa muda mfupi mno, na hakuna sauti inayoweza kutamka maneno 10 kamili kwa muda huo. Programu nzuri hukatiza neno la kwanza mara hatua ya pili inapopigwa. Maana yake ni kwamba mtumiaji husikia mianzo ya maneno tu: silabi moja, pengine mbili. Neno ambalo mwanzo wake hauitofautishi na jirani yake ni neno bovu kwa kazi hii, hata kama limo katika kamusi zote.

Sasa tuyatazame maneno ambayo Kiswahili cha kompyuta hutumia kila siku. Fungua, funga, futa: yote matatu huanza kwa "fu". Mtumiaji anayepita haraka hawezi kujua kama yu karibu kufungua insha yake, kuifunga au kuifuta. Tuma na tupa hutofautiana kwa konsonanti moja katikati, ilhali la kwanza lampelekea mwalimu kazi na la pili laipeleka jalalani. Pakia na pakua, istilahi ambazo watu walizisifu kwa ufupi na ulinganifu wake, hutofautiana kwa irabu moja kabla ya mwisho wa neno. Machoni ni jozi nzuri. Masikioni ni mtego.

Hili si kosa la aliyebuni istilahi hizo. Linatokana na maumbile ya lugha yenyewe. Kiswahili huweka maana kinyume mwishoni mwa kitenzi, kama ilivyo katika ziba na zibua, kunja na kunjua. Nayo viambishi vya nafsi, njeo na ngeli huvitanguliza mwanzoni. Programu ikitoa taarifa kwa kusema "imefutwa", "imefungwa" au "imefunguliwa", silabi tatu za kwanza ni zilezile. Orodha ya kazi ikiandikwa kwa kitenzi-jina, yaani kuhifadhi, kuhariri, kufuta, kila hatua itaanza kwa "ku" na mtumiaji atasikia "ku, ku, ku" kama mlio wa njiwa. Kirai nomino nacho hutanguliza neno la jumla: faili ya barua, faili ya insha, faili ya hesabu. Anayesikiliza hungoja hadi neno la tatu ndipo ajue yuko wapi.

Mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta hakufundishwa mambo haya. Atachukua orodha ya Kiingereza, atafute kila neno katika kamusi, na kuamini kuwa amemaliza. Mwanafunzi wa Kiswahili ndiye aliyesoma mofolojia na fonolojia. Yeye ndiye anayeweza kupendekeza kwamba katika kifundo kazi ya kufuta iitwe "ondoa", kwamba orodha itumie kitenzi cha kuamuru badala ya kitenzi-jina, kwamba "barua" na "insha" zisimame peke yake bila "faili" mbele, kwamba ukurasa utajwe kwa namba yake kwanza. Anaweza pia kusema ni wapi lugha peke yake haitoshi na inafaa itanguliwe na mlio mfupi, mmoja kwa kufungua na mwingine kwa kuondoa. Kazi hiyo ni isimu tumizi kamili, ambayo matokeo yake hupimwa kwa insha iliyookoka au iliyopotea.

Linalofaa kukumbukwa ni kwamba tafsiri za programu zimewahi kufanywa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, na katika miaka hiyo Microsoft nayo ilitoa Kiswahili cha programu zake. Kazi hizo zilistahili pongezi na zimewaachia wengine hazina ya maneno. Lakini maneno hayo yalichaguliwa yasomwe kwa macho, kwenye orodha ambayo mtumiaji huiona yote kwa pamoja. Kuyachukua yalivyo na kuyatia katika kifundo ni kuhamisha samani za nyumba moja hadi nyingine bila kupima mlango.

Majina ya Nyumbani

Suala jingine ni matamshi. Sauti ya kompyuta iliyofundishwa Kiswahili sanifu itasoma "Tharaka" kwa "th" ya "thamani", ilhali wenyeji hutamka kwa sauti iliyo karibu na "dh" ya "dhahabu". Nkubu, Kathwana na majina mengi ya watu wa Meru na Embu yatapata ajali hiyohiyo. Kimeru na Kiembu zina irabu saba, na mbili kati yake, zinazoandikwa ĩ na ũ, hazina nafasi katika mfumo wa irabu tano za Kiswahili. Mwanafunzi anayeandika barua kwa mzazi wake, akisikia jina la kijiji chake likisomwa kwa namna asiyoitambua, ataona kwamba mashine hii haikutengenezwa kwa ajili yake.

Bahati njema ni kwamba kifundo hakihitaji maneno mengi. Orodha ya kazi zake yaweza kuwa na maneno 40 tu. Maneno 40 si lazima yatamkwe na mashine: yanaweza kurekodiwa kwa sauti ya binadamu, mwanafunzi mwenye matamshi safi, kwa alasiri moja. Na iwapo programu itaandikwa kwa namna ambayo maneno yamo katika faili yake pekee, kando na msimbo, basi kesho mtu wa Igembe aweza kuongeza Kimeru, na mtu wa Runyenjes akaongeza Kiembu, bila kuugusa msimbo hata herufi moja. Kwa njia hii Kiswahili hakizifukuzi lugha za nyumbani. Kinazifungulia mlango.

Pingamizi na Majibu Yake

Wapo watakaosema kwamba Kiingereza ndicho lugha ya kompyuta, na kwamba kumfundisha mwanafunzi kifaa cha Kiswahili ni kumpotezea muda. Pingamizi hili husahau kuwa Kiswahili chenyewe ni somo la lazima katika mitihani ya shule za Kenya, na kwamba insha, ufahamu na fasihi haviwezi kusomwa kwa sauti ya Kiingereza. Sauti ya Kiingereza ikikutana na "ng'ombe" au "mwanaanga", hutoa mlio ambao hata aliyeandika hautambui. Mwanafunzi anayeona husoma maandishi yake ya Kiswahili kwa Kiswahili. Kwa nini asiyeona asikilize yake kwa lafudhi isiyoyajua?

Wengine watasema kwamba wasioona ni wachache, na kuwa nguvu za wanafunzi zielekezwe penye wengi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikwisha kulijibu hili. Ibara ya 7, ileile inayokitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na ambayo wakereketwa wa lugha huinukuu katika kila kongamano, huendelea mbele na kuitaka serikali iendeleze lugha za kiasili, Lugha Ishara ya Kenya, Breli, na mbinu nyingine za mawasiliano na teknolojia zinazowafikia watu wenye ulemavu. Ibara ya 54 nayo inawapa watu hao haki ya kupata vifaa vya kuwaondolea vikwazo vitokanavyo na ulemavu wao. Anayeshangilia aya za kwanza za Ibara ya 7 na kuziruka za mwisho amesoma nusu ya ibara. Kiswahili na teknolojia ya wenye ulemavu viliwekwa katika ibara moja, wala si busara kuvitenganisha.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi. Husemwa kwamba miradi ya wanafunzi haidumu. Programu huandikwa kwa ajili ya alama za mwaka wa mwisho, mwanafunzi anahitimu, kompyuta yake inauzwa, na kazi yote inapotea. Mwalimu wa shule aliyeikaribisha hubaki na kifaa kilichokufa. Ukweli wa jambo hili hauwezi kukanushwa, na anayetaka kupeleka kifundo Igoji bila kulitafakari ni afadhali asikipeleke. Matumaini yaliyovunjwa humfanya mwalimu aufunge mlango kwa atakayefuata.

Lakini udhaifu huu ndio unaovipa vyama vya wanafunzi wa Kiswahili nafasi yake. Mwanafunzi mmoja huhitimu, chama hubaki. Chama huwa na katiba, viongozi wanaopokezana kila mwaka, mlezi miongoni mwa wahadhiri, na jarida. Orodha ya maneno 40 iliyochapishwa katika jarida, pamoja na sababu za kuchagua kila neno, haipotei na kompyuta ya mtu. Msimbo uliowekwa wazi kwa leseni huria, na maelezo yake yakaandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, unaweza kuchukuliwa na kundi la mwaka ujao. Historia ya PowerMate inaonyesha kwamba kampuni yenye fedha iliweza kukiacha kifundo chake, na kazi ya mtu mmoja aliyeuacha msimbo wazi ikabaki ikitumika.

Mapendekezo

Mambo matatu yanapendekezwa. La kwanza, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vya Meru, Chuka na Embu vikutane na wenzao wa sayansi ya kompyuta mwanzoni mwa mradi, kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo kuandikwa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwenye Python hana fonolojia, na mwenye fonolojia hana Python.

La pili, maneno yote yajaribiwe masikioni mwa watakaoyatumia. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeona akifumba macho kwa dakika tano hajawa shahidi wa kutosha. Wanafunzi na walimu wenye ulemavu wa macho ndio wajuao ni neno lipi linachanganya na lipi halichanganyi, na ndio wenye haki ya kulikataa. Waendewe kwa heshima, kwa idhini ya shule na ya wazazi, wakiwa waamuzi wa kazi. Wasifanywe mfano wa kupigwa picha.

La tatu, kazi ianze ndogo. Kifundo kimoja, programu moja ya kuandikia, maneno 40. Programu ihakikishe kwamba hakuna kosa la mkono linaloweza kufuta kazi ya mtu: kila kuondoa kuulizwe, na jibu liwe "ndiyo" au "hapana", maneno ambayo kwa bahati hayafanani hata silabi moja. Ipuuze pia miguso ya umeme inayorukaruka kwa milisekunde chache, ambayo hufanya hatua moja ihesabiwe mbili. Mambo haya madogo ndiyo yanayotofautisha kifaa kinachoaminika na kile kinachowekwa kabatini baada ya wiki mbili.

Hitimisho

Kwa miaka mingi swali limekuwa kama Kiswahili kinaiweza teknolojia. Kifundo kinageuza swali hilo na kuuliza kama wanafunzi wa Kiswahili wako tayari kufanya kazi ambayo hakuna mwingine anayeweza kuwafanyia. Mhandisi wa mbali hatajua kamwe kwamba "tuma" na "tupa" ni hatari zikikaa pamoja. Kampuni kubwa haina sababu ya kujua jinsi watu wa Tharaka wanavyolitamka jina la kwao. Anayejua ni mwanafunzi aliyeketi katika ukumbi wa mihadhara wa Chuka au Embu, mwenye daftari lililojaa ngeli na viambishi, anayejiuliza elimu hiyo itamfaa wapi baada ya kuhitimu.

Itamfaa hapa. Kwa mwendo wa gari usio mrefu kutoka alipo, kuna mwanafunzi mwenzake mwenye insha ambayo angependa kuisahihisha mwenyewe, bila kumwomba mtu amsomee. Kati yao pana kifundo kidogo, msimbo wa kurasa chache na maneno 40. Vyama vyetu vimewahi kuandaa mambo magumu kuliko hayo.